Milima ya Uvira ina wenyewe

Ukisimama Kimanga, mtaa wa hapa Uvira, ukaelekeza macho magharibi, unaona mlima mtupu: vipande vya muhogo, majani makavu na makorongo mekundu. Nyuma yake, mbali, kuna Itombwe, msitu wa gorila, na kilele cha Mohi kinachopita mita 3,000.

Hifadhi ya Itombwe ilitangazwa mwaka 2006 kwa amri ya waziri, wanavijiji hawakuulizwa. Walikataa, na walikuwa na haki. Ilibidi watu waende kijiji kwa kijiji, wazee wakaonyesha mashamba, makaburi na njia za uwindaji, hadi mipaka ikakubaliwa mwaka 2016. Kazi ya miaka kumi! Lakini hiyo ndiyo njia.

Miteremko iliyo juu yetu haijapata subira hiyo. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulishuka na mawe, matope na magogo, ukabeba nyumba pamoja na watu. Makumi walikufa. Tukazika, tukajenga palepale.

Miteremko imekatwa miti, lakini sikubali lawama zote ziwekwe juu ya mama anayeshuka na gunia la makaa kichwani. Watoto wake wanakula kwa gunia lile, nasi mjini ndio tunaolinunua.

Viongozi wa mji na machifu, pandeni kule juu mkakae na wenye mashamba. Kubalianeni nao wapi palimwe na wapi pabaki miti, na anayeacha shamba alipwe. Fanyeni hivyo kabla ya mvua kubwa.