Tunaomba kwa Sauti, Tunasikiliza Lini?

Mtihani unapokaribia, shule zetu nyingi huandaa siku ya maombi kwa ajili ya watahiniwa wa KCSE. Hema hupigwa uwanjani, vipaza sauti hufungwa, wazazi huitwa, na kalamu huinuliwa juu ili zibarikiwe. Nimehudhuria siku kama hizo mara nyingi, na sina nia ya kuzibeza. Mtoto akiombewa na mzazi wake hutiwa moyo. Hata hivyo, mwaka baada ya mwaka nimejiuliza swali moja: katika saa zote hizo za kupaaza sauti, ni dakika ngapi tunazonyamaza?

Nalisema jambo hili kama mwalimu aliyekwisha kutiwa adabu nalo. Miaka kadhaa iliyopita nilimfundisha mvulana mmoja wa kidato cha tatu aliyezoea kuketi karibu na dirisha. Kila nilipomuuliza swali aliinama, nami nikakihesabu kimya chake kuwa uzembe na kumpa jirani yake nafasi. Asubuhi moja niliwahi darasani kabla ya kengele, naye akaingia peke yake. Nilimjulia hali, kisha nikanyamaza, si kwa hekima bali kwa sababu sikuwa na haraka siku hiyo. Alifungua mkoba wake, akaufunga, akaufungua tena. Hatimaye akaniambia kwamba mamake alikuwa mgonjwa kitandani tangu Januari, na kwamba ni yeye aliyemwogesha na kuwapikia wadogo zake kabla ya kuja shuleni. Tulikuwa mwezi wa Juni. Kwa miezi mitano nilikuwa nimemuuliza maswali na kutomngoja ajibu. Na katika miezi hiyo hiyo ni mimi niliyekuwa nikiongoza sala gwarideni!

Katika miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani kwa jina Mary Budd Rowe alichunguza kanda zilizorekodiwa katika masomo ya sayansi. Aligundua kwamba walimu, baada ya kuuliza swali, walingoja kwa wastani wa sekunde moja hivi. Walipozoezwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, na hata waliodhaniwa kuwa wazito wakaanza kuchangia. Mama huyo alizungumzia sayansi, wala hakutaja dini. Lakini mimi naiona ibada katika sekunde hizo tatu. Kumngoja mtu ni kukiri kwamba anacho kitu ambacho mimi sina. Asiyeweza kumngoja mtoto anayemwona, atamngojaje Mungu asiyemwona?

Wala si jambo geni katika dini zetu. Kumi la mwisho la Ramadhani Waislamu wengi hukaa itikafu msikitini, wakijitenga na shughuli za dunia. Wakristo nao husoma katika kitabu cha Wafalme jinsi Eliya alivyopitiwa na upepo, tetemeko na moto, na Bwana hakuwamo katika lolote la hayo matatu. Tuna pia Kanisa la Marafiki, lililofika Kaimosi mwaka wa 1902. Marafiki walianza Uingereza katika karne ya 17, wakiketi kimya mpaka mmoja wao asukumwe rohoni kusema. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote, ingawa ibada yao hapa aghalabu ni ya nyimbo na mahubiri, maana wamishenari wenyewe walitoka katika tawi lililokwisha kushika desturi hiyo.

Hapana shaka yuko atakayeniambia kwamba shule zetu zina kimya tele. Naam, kipo kile cha darasani usiku mwalimu wa zamu anapopita. Hicho ni kimya cha woga, na mwenye woga hasikilizi. Hutega masikio tu. Labda ndiyo sababu wanafunzi wetu, wakipewa methali “Kimya kingi kina mshindo mkuu” waiandikie insha, huleta visa vya jirani mnyamavu aliyeishia kuwa jambazi. Ni nadra kusahihisha insha ambamo kimya kimeleta heri.

Ninyi wanafunzi nanyi msijitoe katika lawama hii. Rafiki yako anapokueleza shida ya kwao, mara ngapi humkatiza ili umweleze iliyo kubwa zaidi ya kwenu?

Ninalopendekeza ni dogo. Siku ya maombi, baada ya nyimbo na kabla ya mhubiri, kipaza sauti kizimwe kwa dakika tatu. Asiwepo wa kuongoza. Wazazi, walimu na watahiniwa waketi, kila mmoja na imani yake, wasikilize. Wengine watakohoa na wengine watacheka; na wacheke. Iwapo yuko mwalimu mkuu atakayekubali kulijaribu hili, nami nikaalikwa, nitakuja, na sitaomba nafasi ya kuhutubu.