Programu Huria: Jembe Lipo, Tushike Mpini

Katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, mifereji ya wazee wetu ingali ikinywesha migomba na mibuni. Ilichimbwa kwa nguvu za wengi, na kanuni yake ni moja: anayetaka maji sharti ashike jembe siku ya kuzibua. Programu huria za kompyuta zafuata kanuni iyo hiyo. Maandishi yake yako wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyarekebisha na kuwagawia wenzake.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Hawakungoja ruhusa ya kampuni yoyote. Leseni yenyewe iliwaruhusu. Takwimu za zahanati na hospitali zetu nazo hukusanywa kwa DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo.

Hata hivyo, wanafunzi wetu wengi hufundishwa kompyuta kwa kuchapa barua na kujaza majedwali tu. Hawaoneshwi jinsi programu inavyoundwa. Tukiendelea hivyo, tutalea kizazi cha watumiaji wa kazi za wengine, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri.

Wapo wasemao kwamba vifaa ni ghali. La hasha! Kompyuta kuukuu yatosha kuanzia. Iwekewe mfumo wa Linux, kihariri cha kuandikia, lugha ya Python, na Git, ambayo huweka kumbukumbu ya kila badiliko na mtu aliyelifanya. Vyote hivi havina bei. Vikipakuliwa mara moja mjini Moshi, vyaweza kunakiliwa kwa flashi hadi Kibosho, Marangu na Rombo. Tena Git huhifadhi historia yote ya kazi ndani ya mashine. Mwalimu aweza kufanya kazi wiki nzima bila intaneti, kisha akaituma siku atakayoteremka mjini.

Kinachopungua ni mpango. Maofisa elimu na wakuu wa shule watenge walau kompyuta moja na mwalimu mmoja kwa kazi hii. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ambacho ushirika ndio asili yake, kingefaa kuwa mahali pa kuwafunzia walimu hao. Wanafunzi waanze na kazi ndogo: kusahihisha tafsiri za Kiswahili zilizomo katika programu, au kuunda daftari la maktaba ya shule.

Wakulima wa kahawa wa mkoa huu walipounda KNCU mwaka 1933, walitaka kuwa na sauti katika biashara ya zao lao. Vijana wetu nao wastahili sauti katika zana za zama hizi. Mfereji umekwisha kuchimbwa. Ni wajibu wetu kwenda kuzibua.