Papa ameacha bia kwa sababu ya jongo: tumpe juisi?

Juma hili tunajibu ulizo linalorudi mara nyingi katika vikundi vyetu vya Kalehe: mtu mwenye jongo, ugonjwa ambao waganga wetu huuita guti, anaweza kunywa juisi ya matunda?

Ulizo hilo linagusa mfuko wa nyumba. Papa anaamka usiku, dole gumba la mguu limevimba na kuwaka moto, hata shuka likimgusa analia. Anaambiwa aache bia na kasiksi, anakubali. Halafu sisi, kwa upendo, tunatoa franka za sabuni na chumvi ili asikose juisi, tukifikiri ni dawa.

Jibu letu ni hili: glasi ndogo mara moja moja si sumu, lakini juisi si dawa ya jongo, na haifai kuchukua nafasi ya bia kila siku.

Jongo linatokana na asidi ya uriki. Ikizidi katika damu, inajikusanya ndani ya viungo kama vichanga vyenye ncha kali. Bia inaiongeza. Na sukari ya matunda, yaani fruktosi, inaiongeza vilevile, kwa sababu ini likiivunja, asidi hiyo inatengenezwa. Wengi wetu tunaogopa ndimu kwa kuwa ni kali. Kumbe uchachu hauna neno. Wa kuangaliwa ni utamu.

Kule Marekani wauguzi wanawake karibu 79,000 walifuatiliwa kwa miaka 22, na matokeo yakatolewa mwaka 2010. Waliougua jongo walikuwa wachache, hawakufika 1 kwa kila 100. Lakini waliokunywa glasi 2 au zaidi za juisi ya machungwa kila siku, hatari yao ilipita mara mbili ya wale wasiokunywa hata glasi moja kwa mwezi.

Je, tunda lenyewe? Hilo ale. Chungwa moja lina nyuzinyuzi, linatafunwa polepole na kushibisha. Glasi ya juisi inataka machungwa 3 au 4, nayo inaisha kwa dakika moja. Marakuja ndiyo tunayoidanganya zaidi: tunaikamua, inakuwa kali, tunamwaga sukari, na nusu ya sukari ya dukani ni fruktosi. Mutobe nao, hata kabla haujageuka kasiksi, ni mtamu sana. Soda ni vilevile.

Basi tumpe nini?

Maji safi yaliyochemshwa, mengi, isipokuwa kama mganga amemwambia apunguze maji kwa ajili ya moyo au figo. Maziwa yaliyochemshwa, kama yanapatikana. Tunda zima 1 au 2 kwa siku.

Sambaza zetu za ziwa ni jamaa ya sardini, basi apunguze, hasa siku za maumivu. Maini na figo za mnyama pia. Lakini maharagwe na sombe tusimnyime. Utafiti haukuona kwamba mboga na maharagwe huleta jongo, na kumnyima mtu chakula hicho ni kumdhoofisha bure.

Nasi wamama tusidhani ni ugonjwa wa wanaume tu. Tukiwa bado tunapata hedhi, mwili unatusaidia kutoa asidi hiyo. Hedhi ikikoma, kinga inapungua.

Tusiazimane vidonge. Dawa za maumivu za sokoni zinaweza kuharibu figo, na dawa ya kushusha asidi, kama alopurinoli, hutolewa na mganga kwa kipimo chake. Anayetumia dawa ya presha asiiache bila kumuuliza mganga, hata kama amesikia kwamba baadhi yake huongeza asidi. Na si kila kiungo kinachovimba ni jongo: kikivimba pamoja na homa, apelekwe kituo cha afya siku ileile, kwa maana huenda ni usaha ndani.

Franka tulizokuwa tunatoa kwa juisi kila juma, tuziweke pembeni. Zitasaidia kulipa fishi ya mganga, na maharagwe yatabaki chunguni kwa wote.