Wapwani Wote Fungu Moja

Takwimu za afya humhesabu mtu wa Msambweni kwa jina moja tu: mkazi wa kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya. Wastani wa kaunti unamchanganya Mdigo wa ufukweni na Mduruma wa Kinango, anayechota maji ya bwawa kwenye ukame. Tena unawameza kabisa Wamakonde wa Makongeni, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Hadi walipoandamana kwenda Nairobi Oktoba 2016, wengi wao hawakuwa na kitambulisho, na bila hicho kadi ya NHIF, bima ya taifa ya afya ya wakati huo, haikupatikana. Karani dirishani aliomba namba ya kadi. Asiye nayo alilipa taslimu au alirudi nyumbani na panadoli. Wapemba, wavuvi wa Shimoni na Vanga, walingoja kutambuliwa kuwa Wakenya hadi 2023. Hata Marekani, wenyeji wa Hawaii walitiwa kapu moja na Waasia hadi kanuni za takwimu za 1997, na kisukari chao kikazama ndani ya hesabu nzuri ya wenzao. Kwale ingeanzia kwenye daftari la zahanati: kijiji cha mgonjwa, na kama ana bima. Kabila si lazima liandikwe. Kenya ya baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, wengi wataogopa, na wana haki.