Nembo Si Mtoto wa "Emblem"

Upo uzushi unaorudiwa hata na watu wenye kalamu nzuri: kwamba "nembo" ni neno la Kiingereza "emblem" lililopindwa na ulimi wa Mswahili. Hapa Madibira, ambako mpunga umewakutanisha watu wa makabila mengi, nimeusikia uzushi huo ukitolewa mbele ya gunia la mchele lenye nembo ya mfanyabiashara, na waliokuwapo wakaafiki. Mimi siafiki.

Kwanza, tutazame umbo. Kiswahili kikikopa Kiingereza, aghalabu hubakiza mifupa ya neno na kulitia irabu. Ndivyo tulivyopata filamu na programu. Kwa kawaida hiyo tungepata "emblemu". Hiyo N ya mwanzo imetoka wapi, na ile L imekwenda wapi?

Pili, maana. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaieleza nembo kuwa ni alama ya kabila, chale za mwilini. Neno hili halikuanzia kwenye karatasi wala gunia. Lilianzia kwenye ngozi. Wamakonde huziita "dinembo" zile chale za usoni, mistari na pembe zilizochanjwa mashavuni na kwenye paji, zikapakwa masizi. Na Wamakonde wa Msumbiji, ambao mtawala wao alikuwa Mreno, wanalo neno hilohilo. Je, nao waliazima kwa Mwingereza?

Tatu, ukoo. Kwa Wayao na Wanyanja, "kulemba" ni kuandika. Asiyeuona undugu wa kulemba na nembo amefumba macho kwa hiari. Uso ulikuwa ukurasa, na nembo ndiyo maandishi yake: huyu ni nani, katoka kwa nani.

Sisemi watoto warudi kuchanjwa. Mila hiyo na ipumzike. Nasema neno lisizikwe pamoja nayo. Vijana leo husema "tatuu", wakadhani lugha yao haikuwa na jina la mchoro wa ngozini. Mzee mwenye nembo huchekwa, ilhali taifa zima linaiheshimu Nembo ya Taifa, na jina la heshima hiyo limetoka kwenye shavu la huyo mzee.

Mshairi anayeamini kwamba nembo ni mkopo amejinyima sitiari iliyo tayari kinywani mwake. Malenga, kabla ya kuliitia neno baba wa ng'ambo, ulizeni kwanza kwa jirani.