Siti au Kidude?

Katika Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, spika hushindana kwa kelele. Utulivu utaupata nyumbani. Huko zisikilize santuri za Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, kisha nyimbo zake zilivyoimbwa na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013.

Siti alibanwa na santuri: dakika tatu hivi kila upande. Hivyo hapotezi neno, udi na fidla vikimfuata nyuma. Kidude hana haraka. Sauti yake inakwaruza, na beti huzigeuza apendavyo.

Wazee humpa Siti ushindi, nami kwa ufasaha sibishi. Lakini santuri yake hukatika mara tu sikio linapozoea mikwaruzo. Katika "Muhogo wa Jang'ombe" namchagua Kidude.