Kipaimara: Vijana wetu waimarishwa kwa kazi gani?

Mpwa wangu wa Gilgil ana umri wa miaka 14, na amenichagua niwe msimamizi wake wa Kipaimara. Nilikubali upesi, kama mjomba yeyote angalivyokubali, nikidhani kazi yangu itakuwa ni kumnunulia rozari na kusimama nyuma yake Askofu atakapompaka krisma, mkono wangu wa kulia ukiwa begani mwake. Lakini Jumamosi moja niliketi nyuma ya darasa lao, nikasikia jambo lililonishughulisha njia nzima ya kurudi nyumbani Nakuru.

Katekista wao, mama mmoja mtu mzima mwenye subira nyingi, aliwauliza vipaji saba vya Roho Mtakatifu. Wakavitaja kwa mkupuo mmoja, kama watoto wadogo wanavyotaja siku za juma: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada, uchaji wa Mungu. Hakuna aliyekosea. Kisha msichana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, hiyo nguvu ni ya kufanyia nini?"

Darasa likaangua kicheko. Mama yule hakucheka. Alijibu kwamba ni nguvu ya kushika imani mtu anapojaribiwa; lakini saa ilikuwa imekwisha na kwaya ilikuwa mlangoni ikingojea chumba. Tulipokuwa tukitoka mpwa wangu akaniambia kwa furaha, "Mjomba, nikishapata hii nimemaliza. Itabaki ndoa tu."

Simlaumu. Ndivyo sisi wazazi tulivyowafundisha, kwa matendo yetu kuliko kwa maneno. Tunahimiza mtoto ahudhurie, tunatafuta shati jeupe, tunapika pilau, tunapiga picha pamoja na Askofu, halafu mwaka unaofuata hatumwulizi kijana alipo saa ya Misa. Wengine husoma shule za bweni, wakija likizo ya Agosti mzazi anataka katekista amwingize mtoto kwenye orodha ingawa hajahudhuria hata mara tatu. Mwalimu akikataa huambiwa ana roho mbaya. Na mwalimu huyo, wasomaji, mara nyingi hulipwa kidogo mno, kama analipwa.

Jina lenyewe linatueleza shabaha yake: ni kitu kinachompa mtu uimara. Wazee wetu waliopata sakramenti hii zamani wanakumbuka kofi jepesi ambalo Askofu aliwapiga shavuni, ishara kwamba sasa ni askari wa Kristo na wawe tayari kwa taabu. Kofi hilo liliondolewa katika utaratibu mpya alioutoa Papa Paulo VI mwaka 1971. Mimi sililii, lakini naona kwamba pamoja na kofi tuliacha pia kuwaeleza watoto hiyo taabu yenyewe.

Na hapa petu mifano haikosekani. Mwaka huo huo wa 1971 Raphael Ndingi Mwana'a Nzeki alikuja kuwa Askofu wa Nakuru, akakaa hadi 1996. Wazazi wengi wa vijana hawa walipakwa krisma kwa mkono wake. Ni yeye aliyepinga hadharani kura ya mlolongo wakati watu wakubwa walipokuwa wakinong'ona, na mapigano ya kikabila yalipozuka katika Bonde la Ufa mwaka 1991 na 1992 akaisema serikali bila kuuma maneno. Padre John Kaiser, Mmarekani aliyetoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi juu ya mapigano hayo, alikutwa amekufa kando ya barabara karibu na Naivasha tarehe 24 Agosti 2000. Hapo si mbali na Gilgil. Mwaka 2007 mahakama iliamua kwamba aliuawa. Katika darasa lile sikusikia jina la hata mmoja wao.

Kuna upande mwingine unaouma zaidi. Mwisho wa Januari 2008 watu waliuawa Nakuru na Naivasha, na Gilgil iko katikati ya miji hiyo miwili; baadaye kambi za waliofukuzwa makwao zikasimama hapa hapa. Sidhani kwamba mikono yote iliyoshika panga siku zile ilikuwa ya watu wasiojua vipaji saba. Wengine walivijua kwa mpangilio.

Vijana wa leo wana macho. Waliona maandamano ya Juni 2024, yaliyoongozwa na vijana waliowazidi umri kidogo tu. Novemba mwaka huo waliwasikia Maaskofu Wakatoliki wakiikosoa serikali, na Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akikataa fedha alizotoa Rais William Ruto kwa kanisa la Soweto, mtaa wa Kayole. Msichana yule alikuwa na haki ya kuuliza. Wengine watasema siasa isiingizwe katekisimu. Nakubali, mtoto asifundishwe chama. Lakini kumwambia kwamba nguvu ya Roho ni ya kukataa rongo na kumficha jirani wa kabila jingine anayewindwa, hiyo si siasa.

Sheria za Kanisa za 1983 zinataka msimamizi amwangalie kijana ili aishi kama shahidi wa kweli wa Kristo. Sijui ni wangapi kati yetu tuliowahi kuambiwa hivyo. Mimi sikuambiwa; nilitajiwa tarehe na rangi ya shati.

Nilimwandikia yule mama barua fupi, nikamweleza niliyoyaandika hapa. Amenijibu kwamba Jumamosi ijayo ananiachia nusu saa niwaeleze vijana habari za Ndingi na Kaiser, nami nijibu mwenyewe lile swali la nguvu. Mpwa wangu ameniomba nisizidishe muda, maana saa tisa wana mpira.